Kengele ya Mbuzi

Polisi wa Nairobi akimsimamisha kijana usiku na kumwambia "toa kipande", kijana hutoa kitambulisho cha taifa na mambo huendelea, kwa heri au kwa shari. Hakuna anayeuliza neno hilo lilitoka wapi. Kamusi inasema kipande ni sehemu ya kitu kizima: kipande cha muwa, kipande cha ardhi, kipande cha nguo. Katika mashamba ya pwani na ya Tanganyika lilikuwa pia jina la kadi ya kibarua. Kadi hiyo ilikuwa na nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi, na mtu hakulipwa mpaka zijae zote. Lakini kipande kinachokaa vinywani mwa Wakenya ni kingine. Kilizaliwa na sheria ya mwaka 1915, kikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwa karibu miaka 30 kiliamua mwanamume Mwafrika atembee wapi, amfanyie nani kazi, na alipwe shilingi ngapi.

Nimekuwa nikisoma habari zake kwa muda sasa, na kinachonisukuma si mapenzi ya mambo ya kale. Kila mjadala wa faragha unapozuka hapa kwetu, hujitokeza mtu, mara nyingi msomi, akasema kwamba faragha ni wasiwasi wa Wazungu. Sisi, husema mtu huyo, ni watu wa jamii, tunajuana, hatufichani. Na isitoshe, asiye na hatia anaogopa nini? Nimeisikia hoja hiyo redioni, nimeisikia kwenye matatu, nimeisikia darasani chuo kikuu ikitolewa na mtu aliyevaa tai. Ningeweza kumjibu kwa hodi tu. Kuna nyumba gani Uswahilini unayoingia bila kupiga hodi na kungoja karibu? Nyumba za mawe za Lamu zina daka, kibaraza cha mlangoni ambapo mgeni hupokelewa, akazungumza na mwenyeji, na akaondoka bila macho yake kufika ndani. Neno sitara tunalo, neno faragha tunalo, na Katiba ya Tanzania, iliyoandikwa kwa Kiswahili, imelitumia hilo la pili katika ibara yake ya 16. Lakini hodi ni adabu ya majirani, na anayezungumziwa hapa ni dola. Kwa hilo, historia ya kipande inajibu vizuri kuliko mimi.

Tuanze na tatizo ambalo walowezi walikuwa nalo. Serikali ya Uingereza ilikuwa imewapa ardhi nyingi katika nyanda za juu, na baada ya vita ikawaongeza wengine, askari waliostaafu, chini ya mpango wa mwaka 1919. Ardhi bila vibarua ni kichaka. Kodi ya nyumba na kodi ya kichwa ziliwalazimisha wanaume kutafuta fedha, na mwaka huohuo wa 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi kwa Wazungu. Kila mtu alijua "kuhimiza" kulimaanisha nini mkononi mwa chifu. Hata hivyo kibarua alibaki na silaha moja. Akipigwa, akinyimwa posho, au akikuta mshahara ni mdogo kuliko alioahidiwa, aliondoka usiku. Mlowezi angekwenda kwa mkuu wa wilaya kulalamika kwamba Kamau ametoroka. Kamau yupi? Kamau wa Kiambu. Wako wangapi? Na pengine hata hilo Kamau alikuwa amelitoa siku ile ya kuandikwa kazi, kwa kuwa lilikuwa rahisi kwa Mzungu kulitamka.

Kutojulikana kwake kulikuwa ndiyo nguvu yake yote ya kubishana juu ya mkataba. Hakuwa na chama cha wafanyakazi, hakuwa na wakili, hakuwa na kura. Alikuwa na miguu, na jina ambalo halikuandikwa popote. Sheria ya usajili ilitungwa ili kumwondolea hilo la pili, na kwa kumwondolea hilo ikaifunga na miguu.

Njia iliyotumika ilikuwa tayari imejaribiwa kwingine. Mwaka 1858 ofisa Mwingereza huko Bengal, William Herschel, alimwambia mkandarasi mmoja Mhindi apige chapa ya kiganja chake kwenye mkataba, ili asije akaukana baadaye. Kutoka hapo wazo likakua. Mwishoni mwa karne ile polisi wa Bengal chini ya Edward Henry, wakiwategemea maofisa wawili Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, walitengeneza utaratibu wa kupanga alama za vidole kwa makundi hata karani aweze kuitafuta alama moja kati ya maelfu. Ofisi ya kwanza ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897. London ilifuata mwaka 1901, na huko alama za vidole zilikuwa za wahalifu. Nataka msomaji alishike hilo, kwa sababu tutalirudia: Mwingereza wa kawaida alipoambiwa atoe vidole vyake, alisikia kwamba anaitwa mwizi.

Waliokuwa wa kwanza kulisema jambo hilo hadharani barani Afrika walikuwa Wahindi wa Transvaal. Serikali ya huko ilipowataka wajiandikishe kwa alama za vidole, walikataa, na tarehe 16 Agosti 1908 walikusanyika nje ya Msikiti wa Hamidia mjini Johannesburg, wakaweka vyeti vyao vya usajili katika sufuria kubwa na kuvichoma moto. Gandhi alikuwepo. Kenya haikujifunza kutokana na moto ule, au labda ilijifunza kwamba jambo la namna hii huanzishwa kwa wale ambao sauti yao haifiki London.

Basi kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa afike mbele ya msajili. Vidole vyake vilipakwa wino na kupigwa chapa. Akaandikwa jina lake, kabila lake, chifu wake, mahali atokako. Rekodi moja ilibaki serikalini, ikahifadhiwa Nairobi; cheti akapewa yeye. Kwenye cheti kulikuwa na nafasi za kujazwa na kila mwajiri: tarehe ya kuanza, aina ya kazi, mshahara, tarehe ya kuachishwa, saini. Alitakiwa awe nacho kila atokapo katika eneo lake, akionyeshe kila akitakiwa kukionyesha, na kukosa kukitoa kulikuwa kosa la kutozwa faini au kufungwa. Akiondoka kazini bila mwajiri kutia saini ya kumwachia, hakuna mwajiri mwingine aliyeruhusiwa kumchukua. Mlowezi aliyetorokwa aliandika barua, ofisi ikachambua faili, na yule Kamau wa Kiambu akapatikana kwenye shamba jingine mbali, kwa vidole vyake mwenyewe.

Ninaporudia orodha ya mambo yaliyoandikwa humo, nakwama kila mara kwenye mshahara. Jina na kabila naweza kuelewa serikali iliyataka ya nini. Lakini mshahara? Mtu aliyelipwa shilingi nane kwa mwezi alipokwenda kuomba kazi kwingine hakuweza kusema alikuwa akilipwa kumi na mbili. Mwajiri mpya hakuhitaji kumwuliza. Alifungua karatasi na kusoma. Bei ya mtu ilifika mlangoni kabla yake. Na vibarua wengi wakati huo hawakujua kusoma Kiingereza, maana yake ni kwamba mtu alitembea na maelezo ya maisha yake ambayo kila Mzungu aliweza kuyasoma ila yeye mwenyewe hakuweza.

Karatasi huchanika na kulowa jasho, kwa hiyo ilitiwa ndani ya kikebe kidogo cha chuma, na wengi walikifunga kwa kamba na kukivaa shingoni. Wagikuyu wakakipa jina: mbugi. Mbugi ni ile kengele anayovalishwa mbuzi, ili mchungaji amsikie alipo hata akiwa amejificha vichakani. Sijui ni nani aliyelisema kwanza, na pengine lilisemwa mahali pengi kwa siku moja, kwa kuwa lilikuwa linaonekana kwa macho. Ninachokipenda ni usahihi wake. Leo tungeandika kurasa 40 kueleza ufuatiliaji wa watu ni nini na unamfanya nini anayefuatiliwa. Wao walimtazama mwenzao akiteremka njia ya shamba na kikebe kikimgonga kifuani, wakasema neno moja. Mchungaji wa jana amekuwa mbuzi, na mwenye kundi ni mwingine.

Neno hilo lilifanya kazi ambayo leo asasi za kiraia hufanya kwa mabango na warsha. Lilimwambia mtu kwamba kero yake si bahati mbaya yake peke yake. Na kero hiyo haikuwa ya Wagikuyu tu. Tarehe 23 Desemba 1921 maelfu ya watu wa Nyanza walikutana Lundha, huko Gem, katika mkutano uliozaa Young Kavirondo Association, wakiongozwa na vijana waliosoma shule za misheni kama Jonathan Okwiri. Walitoa madai yao: kodi ipunguzwe, kambi za kazi ya lazima ziondolewe, koloni lirudishwe kuwa himaya ya ulinzi kama zamani. Na kipande kifutwe.

Nairobi, mwaka huohuo, alikuwepo Harry Thuku. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu aliyefanya kazi ya simu katika Hazina ya serikali: yeye ndiye aliyekaa kwenye mitambo na kuunganisha maofisa wazungumze. Sioni ajabu kwamba mtu wa kazi ile ndiye aliyeelewa mapema habari za mtu zinavyoweza kwenda mahali ambapo mwenyewe hayupo. Walowezi walikuwa wamekubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Thuku na wenzake wakaanzisha Young Kikuyu Association mwezi Juni 1921, na baada ya wiki chache tu wakabadili jina kuwa East African Association, kwa sababu mjini Nairobi kero ilikuwa ya makabila yote. Mhariri wa gazeti la East African Chronicle, Manilal Desai, aliwasaidia kuchapisha. Thuku alizunguka vijijini, akihutubia juu ya mishahara, kazi ya lazima ya wasichana na wanawake, na kipande. Aliwaambia watu wavikusanye vipande vyao, vipakiwe kwenye lori, virudishwe kwa gavana.

Walimkamata tarehe 14 Machi 1922. Kesho yake mgomo, keshokutwa umati mbele ya kituo cha polisi. Wanaume walitaka kutawanyika baada ya wazee wao kuzungumza na maofisa. Ndipo mwanamke, Muthoni Nyanjiru, akajitokeza mbele, akainua nguo yake mbele ya wanaume, tusi zito kuliko yote kwa mila za Kigikuyu, akawaambia wachukue rinda lake na wampe suruali zao. Umati ukasonga kwenye lango. Askari wakafyatua risasi, na imesimuliwa tangu wakati ule kwamba Wazungu waliokuwa kwenye veranda ya Hoteli ya Norfolk walijiunga nao. Serikali ilihesabu watu 21 waliokufa; wengine walihesabu zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Yeye hakuwa na kipande. Sheria ile haikuwahusu wanawake.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi hupita hapo kila siku. Kituo cha polisi bado kipo, hoteli bado ipo, na barabara inayopita hapo inaitwa Harry Thuku. Hakuna barabara ndefu ya mjini iliyopewa jina la kikebe.

Thuku alipelekwa kizuizini Kismayu, na kipande kikabaki. Mishahara haikupunguzwa kama ilivyokusudiwa, kodi ilirekebishwa, lakini kikebe hakikuguswa kwa miaka mingine 25. Serikali ilikuwa tayari kujadiliana juu ya fedha. Juu ya rekodi haikuwa tayari.

Kisha likatokea jambo ambalo, kama ningekuwa mwandishi wa tamthilia, ningeogopa kulibuni. Baada ya Vita vya Pili, na baada ya malalamiko ya miaka mingi kwamba kipande ni ubaguzi, serikali ikapitisha mwaka 1947 sheria ya kuwasajili watu wote bila kujali rangi. Waafrika, Waasia, Waarabu, Wazungu: wote kadi, wote vidole. Walowezi walighadhibika. Mikutano ikaitishwa, hotuba zikatolewa, magazeti yakajaa barua. Watu waliokuwa wametia saini vipande vya vibarua wao kwa robo karne waligundua kwa siku moja kwamba kumpaka mtu huru wino vidoleni ni kumfanya mhalifu, kwamba serikali haina haki ya kumjua raia mwema kiasi hicho, kwamba mwili wa mtu ni wake. Kila hoja ilikuwa ya kweli. Ikaundwa tume ya mtu mmoja, Sir Bertrand Glancy, na njia ikapatikana: wanaoweza kujaza fomu kwa Kiingereza wangetoa picha na saini badala ya vidole vyao vyote. Rangi haikutajwa. Haikuhitajika kutajwa.

Kwa hiyo nikiambiwa kwamba asiye na hatia hana cha kuogopa, humkumbuka mlowezi wa mwaka 1947. Hakuwa na hatia yoyote, kwa hesabu yake mwenyewe. Hakuwa na cha kuficha. Aliogopa kuwekwa kwenye faili moja na watu aliowaweka yeye kwenye faili.

Yaliyofuata wengi wanayajua, nami nitayapita upesi. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Tarehe 24 Aprili 1954 askari na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil. Wagikuyu, Waembu na Wameru wakatolewa majumbani na kupitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia kichwani, matundu mawili ya macho tu, waliokuwa wakitikisa kichwa kuonyesha nani ni Mau Mau. Waliitwa gakunia. Makumi ya maelfu wakapelekwa kambini. Vijijini, zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa handaki na miba. Mtu wa makabila hayo hakuweza kwenda mahali bila pasi, na pasi haikupatikana bila mtu mwingine kushuhudia utiifu wake. Karatasi na mchongezi walikuwa wameunganishwa kuwa kitu kimoja.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 kikebe kilikuwa kimetoka shingoni, lakini mantiki yake ilikabidhiwa pamoja na majengo. Sisemi kitambulisho cha taifa ni kipande kile kile. Nimekipigia kura, nimekifungulia akaunti ya benki, na bila hicho ningekuwa mgeni nchini kwangu. Wanawake walipoanza kusajiliwa, baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1978, wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini muulize Msomali wa Kenya kuhusu mwaka 1989, pale serikali ilipowaita Wasomali wote wapimwe uraia wao mbele ya kamati, na waliopita wakapewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi, wayabebe yote mawili. Kabila moja likawa na kipande juu ya kipande. Muulize Mnubi wa Kibra. Babu zake waliletwa na Waingereza kama askari wa King's African Rifles, wakapewa msitu wa kukaa, na vizazi vitatu baadaye kijana wa miaka 18 akitaka kitambulisho alikuwa akifikishwa mbele ya wazee na maofisa kuulizwa babu yake alizikwa wapi, huku mwanafunzi mwenzake wa kabila lililo jirani amejaza fomu na kwenda zake.

Ndiyo maana haikunishangaza kwamba Nubian Rights Forum walikuwa wa kwanza kwenda mahakamani kuhusu Huduma Namba. Mwishoni mwa mwaka 2018, ndani ya sheria yenye marekebisho madogo madogo ya sheria nyingi, yale ambayo hupita bungeni wakati watu wanafikiria Krismasi, serikali iliingiza mfumo mpya wa kumsajili kila mtu. Sheria iliruhusu kuchukuliwa kwa alama za vidole, umbo la kiganja, umbo la sikio, mboni ya jicho, mawimbi ya sauti, DNA, na vipimo vya setilaiti vya mahali mtu anapoishi. Nilipoisoma orodha hiyo nilihesabu mara mbili. Karani wa mwaka 1920 angelia kwa wivu.

Tarehe 1 Aprili 2019 Mahakama Kuu iliamuru kwamba zoezi liendelee kwa hiari tu, bila DNA, bila vipimo vya mahali, bila tarehe ya mwisho, na bila kumnyima mtu huduma kwa kutojisajili. Amri iliyo wazi kabisa. Shangazi yangu aliisoma gazetini, akalikunja gazeti, akaenda kupanga foleni saa kumi na mbili asubuhi.

"Shangazi, si mahakama imesema ni hiari?"

"Mwanangu, mahakama ndiyo itanipa pasipoti?"

Zaidi ya watu milioni 30 walisajiliwa katika wiki zile chache. Simlaumu shangazi. Alikuwa akisoma zaidi ya gazeti. Alikuwa akisoma miaka mia moja ya maofisa.

Hukumu kamili ilitoka tarehe 30 Januari 2020. Majaji Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir walisema kuchukua DNA na vipimo vya mahali ni kinyume cha Katiba, na kwamba mfumo hauwezi kuendelea mpaka kuwe na kanuni kamili za kuulinda. Walikiri pia kwamba watu wasio na hati, Wanubi wakiwemo, wangeweza kuachwa nje. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba, Jaji Jairus Ngaah alisema kadi za Huduma zilitolewa bila kufanyika kwanza tathmini ya madhara kwa taarifa za watu, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inavyotaka. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010, inayolinda faragha, ina maneno ambayo naamini yangeeleweka Lundha bila mkalimani: inakataza taarifa za familia ya mtu au mambo yake binafsi zisitakiwe au kufichuliwa bila ulazima. Kutakiwa bila ulazima. Mshahara kwenye kipande.

Tunazo sheria, basi, na zinauma kidogo zikipelekwa mahakamani. Tulichopoteza ni kikebe. Sisemi natamani kirudi. Nasema kilikuwa kizito, kilitoa sauti, kilionekana kwa mke na watoto na wakwe, na aibu yake haikuhitaji maelezo. Simu yangu ni nyepesi na nimeinunua kwa fedha zangu. Tangu maandamano ya Juni 2024, vijana walipoanza kuchukuliwa majumbani na barabarani na watu wasio na sare, nami nikaona marafiki wakizima simu kabla ya kwenda kulala kwa jamaa, nimeanza kusikia kitu kama kengele tena. Tume ya taifa ya haki za binadamu ilihesabu makumi ya waliotekwa kufikia mwisho wa mwaka ule. Lakini hilo ni la wakati wa hofu. Siku za kawaida hatusikii chochote.

Kwa mfano, daftari la getini. Kila jengo la Nairobi lina moja: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakokwenda, saa ya kuingia, saini. Mwezi uliopita, katika jengo moja la ofisi mjini, nilisimama juu ya daftari hilo na kalamu mkononi, na bila kukusudia nikamsoma aliyenitangulia. Alikuwa mwanamke, alikwenda ghorofa ya tatu, kliniki, saa tatu na dakika kumi. Namba yake ya simu ilikuwa hapo. Juu yake mwingine, na mwingine, hadi kichwa cha ukurasa.

"Samahani kaka," nikamwambia askari, "hizi namba ni za nini?"

"Ni utaratibu tu, dada. Usalama."

"Na daftari likijaa mnalipeleka wapi?"

Alifikiri kidogo. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza. Akasema hukaa stoo, chini ya ngazi, na stoo ikijaa meneja huwaambia wayatoe. Mama anayeuza maandazi pale nje huyachukua, karatasi zake ni ngumu, hazinyonyi mafuta upesi. Akanielekeza kwa kidole. Nilitazama. Palikuwa na watu wanne kwenye foleni, na mama alikuwa akichana ukurasa.